Jicho Lisilotulia

Jumatatu, 3 Machi

Umepotea wapi, wewe mjukuu? Tangu mvua zianze hujatia mguu hapa! Eti kazi. Eti una hadubini inayopima kwa mwanga kama nyama ya mwili ni laini au imekaza, bila kuigusa. Mimi bibi yako nabonyeza kwa dole gumba, nimemaliza. Ila nasikia mnatafuta wazee wa kupimwa macho. Nimejiandikisha!

Jumatano, 5 Machi

Maabara. Baridi tupu. Kidevu juu ya kibao, paji la uso kwenye mkanda. Ukasema nitazame kitone cha kijani nisipepese, maana mwanga unaorudi kutoka jichoni ni hafifu mno, nikitikisika mnaanza upya.

Kuanza upya! Uso wako ulikuwa hapa hapa, pumzi yako naisikia. Umekonda. Nikapepesa. Ukaanza upya. Nikapepesa tena. Nimekaa nawe asubuhi nzima!

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Umepiga simu: jicho langu halitulii, limetolewa kwenye orodha. Nafasi yangu kapewa jirani, Mama Redio! Mtu asiyenyamaza hata usingizini! Nikamwambia ataaibika. Akanijibu, shoga, mimi nikikodoa, hata inzi akitua puani sipepesi.

Ijumaa, 7 Machi

Karudi anameremeta. Eti ulimshika bega, ukamsifu, ukamwonyesha picha ya jicho lake kwenye kompyuta: bluu palipo laini, nyekundu palipokaza. Alitulia kama gogo, dakika chache akaruhusiwa kwenda.

Dakika chache! Mjinga yule. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikaingia jikoni nikalia. Kidogo tu. Kitunguu hakikuwepo.

Jumapili, 9 Machi

Umepiga simu unacheka. Unasema ulijua napepesa makusudi. Halafu ukapoa, ukasema, Bibi, si ungeniambia tu umenikumbuka? Ningekuja.

Neno lilikuwa moja tu, la kusema. Nikakujibu nani kakukumbuka, mimi nina kuku wangu wa kuwaangalia.

Kisha nikauliza, hivi hivi tu, mtapima nini baada ya macho. Ngozi ya mkono, ukasema, na ngozi haipepesi.

Nimejiandikisha. Tangu asubuhi najizoeza kutetemeka.

Siku ya kunifuata, njoo mapema, njoo na njaa, na upite mlango wa nyuma Mama Redio asikuone.