Nilivyopunguza Kiwanja

Jumatatu, 6 Mei

Tumefungwa tena juzi. Nne bila! Nimelala nalo, nimeamka nalo. Asubuhi hata sijamaliza kufungua duka, Mzee Mabati kasimama mlangoni kwake ng'ambo ya barabara, kaniinulia vidole vinne. Eti ananisalimia. Nikajifanya napangusa godoro.

Niweke kumbukumbu sawa, maana shajara hii itakuja kusomwa na wajukuu. Mimi nauza magodoro, yeye anauza mabati. Miaka mitatu iliyopita alinunua timu ya mpira. Wiki iliyofuata na mimi nikanunua yangu. Si wivu. Ni maendeleo.

Katika miaka hiyo nimekuwa na makocha saba. Wa kwanza alikuwa na cheti, alinijibu. Wa pili alikuwa na vyeti viwili. Alinijibu mara mbili. Wengine sina haja ya kuwataja. Wa saba ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni mwalimu wa udereva. Cheti cha mpira hana hata kimoja, na hajawahi kunijibu. Huyu ndiye kocha!

Hali ilivyo: Jumamosi hii ni mechi ya mwisho ya ligi. Kwetu. Na timu ya Mabati, kati ya timu zote! Tukipata sare tunabaki. Tukifungwa, tunashuka daraja, na mimi nitasalimiwa kwa vidole mpaka uzee wangu.

Sitakubali. Nina kichwa. Nitakitumia.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda mazoezini. Shemeji kapanga ndoo katikati ya uwanja, kafanya kipilefti kama cha barabarani. Mwenye mpira anakizunguka, anasubiri anayetoka kulia kwake apite kwanza. Upepo, winga wetu wa kushoto, kapita bila kusubiri, kafunga bao zuri sana. Shemeji kapuliza filimbi, kamwambia arudie, maana hakuangalia nyuma kabla ya kubadili upande. Nidhamu ya hali ya juu.

Wakati wa mapumziko Nahodha alinifuata. Huyu ni beki, kazi yake fundi bomba, ameichezea timu hii miaka kumi na tisa. Alikuwemo kabla yangu, na wakati mwingine anasahau kwamba hilo halimpi cheo. Kwa adabu sana akaniomba Alhamisi nzima wafanye mazoezi ya kuzuia kona tu. Akasema msimu huu tumefungwa mabao ishirini na tisa, na kumi na saba ni ya kona. Kumbe anahesabu!

Nikamwambia kona haizuiwi kwa mazoezi, inazuiwa kwa moyo. Wachezaji wakainama kufunga kamba za viatu. Nadhani waliguswa.

Jumatano, 8 Mei

Wazo limekuja! Nilikuwa nakata sponji. Mteja anataka godoro la futi nne, nililonalo ni la futi tano. Nakata pembeni, kazi imekwisha. Nikasimama na kisu mkononi. Mbona kiwanja nacho hakikatwi?

Fikiria. Vijana wa Mabati wanajua kukimbia pembeni. Ukiwapunguzia pembeni, watakimbilia wapi? Nimepeleleza kwa mwamuzi mmoja mstaafu, mteja wangu wa mito. Kasema sheria inaruhusu kiwanja chembamba, ilimradi kisizidi kiasi. Hatua nne upande huu, nne upande ule. Hatua nane jumla. Hakuna atakayegundua.

Simwambii mtu. Hata Shemeji. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi.

Mke wangu kaniuliza ninachekea nini peke yangu. Nikamwambia mpira. Akaniuliza kama akiugua nitampeleka kwa daktari au kwa kaka yake. Sikuelewa anataka kusema nini. Kaka yake hata gari la kumpeleka popote hana kwa sasa, liko gereji.

Alhamisi, 9 Mei

Alfajiri nimekwenda uwanjani na chokaa, kamba na ungo wa mke wangu. Nimefukia mistari ya zamani kwa udongo, nimechora mipya. Nimehamisha vibendera vya kona. Mgongo unaniuma, lakini nikitazama ni kazi safi. Uwanja umekaa vizuri kama kitanda kilichotandikwa. Ungo umeharibika. Nimeuficha nyuma ya magodoro ya watoto.

Jioni nikapanga kikosi. Huu ndio utaratibu wangu, na makocha wote wanaujua: Alhamisi baada ya kufunga duka naandika majina kwenye vikaratasi, navipanga juu ya godoro la futi sita, nahamisha hapa na pale mpaka moyo utulie. Kisha majina kumi na moja yanaingia kwenye bahasha, bahasha anapewa kocha uwanjani. Anaifungua dakika kumi kabla ya mechi. Hakuna maswali.

Nahodha nimemweka benchi. Kuniuliza habari za kona mbele ya watu! Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nafasi yake atacheza mwenye nyumba ya wageni. Umri arobaini na mmoja, mwili umejaa, lakini alinunua magodoro ishirini kwa mpigo na ombi lake maishani ni moja tu, acheze mechi moja ya ligi. Nilimsajili tangu Januari. Mteja ni mfalme.

Mazoezi ya leo yalikuwa ya kuegesha. Sikuyaelewa vizuri, ila Shemeji alisema wameiva.

Ijumaa, 10 Mei

Nahodha kaja dukani. Ametoka kazini, spana bado iko mfukoni, suruali imelowa magotini. Hakukaa. Sijui kajuaje habari za bahasha. Nadhani mwenye nyumba ya wageni kajisifu mahali.

Alisema kwa sauti ya chini, nami nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: “Mzee, mimi magoti yangu yamebakiza mwaka mmoja. Sitaki kuja kuwaambia wanangu kwamba timu ilishuka mimi nikiwa nimekaa. Nipange, halafu tukishindwa unilaumu mimi.”

Akaniomba pia, kama inawezekana, jioni ile ile wafanye kona. Hata nusu saa.

Nikamwambia nitalifikiria. Nikampa mto mpya, wa sponji nzuri kabisa, kama ishara ya upendo. Akashukuru kwa mikono miwili. Akatoka, na mto kauacha juu ya meza.

Nikahisi kitu kifuani. Nikanywa soda, kikatulia.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika polepole. Mkono wenyewe hautaki.

Mambo yalianza vizuri. Mwamuzi kapima uwanja kwa hatua, kakuna kichwa, kaandika kitu, kakubali. Nikamtazama Mzee Mabati kule jukwaani. Hajui lolote! Nilitamani kumwonea huruma.

Kisha Upepo akapata mpira. Akakimbia kushoto kama anavyokimbia siku zote, akamzunguka beki wao, na mshika kibendera akainua kibendera. Mpira umetoka. Mara ya pili, umetoka. Mara ya tano Upepo akasimama akautazama mstari, akatazama miguu yake, akatazama mstari tena. Amecheza kwenye uwanja huu tangu utotoni. Miguu yake inajua mwisho uko wapi. Nilisahau kwamba sisi nasi tuna mtu wa pembeni. Tena huyo huyo ndiye peke yake anayefunga mabao.

Dakika ya ishirini wao wakapata kona. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kwenye sponji halikuonekana. Ukisogeza mistari, kona nayo inasogea! Goli limebaki pale pale, kibendera kimekuja hatua nne karibu. Mpigaji wao ni kijana mwembamba ambaye kwa kawaida mpira wake haufiki. Leo ulifika mdomoni mwa goli kama umeletwa kwa sahani. Bao. Dakika ya thelathini na tano, kona nyingine, sahani nyingine. Mbili bila. Wakati huo mwenye nyumba ya wageni alikuwa amelala chali karibu na duara la kati, anaomba maji.

Mapumziko nikapanda jukwaani kumwambia Mzee Mabati aache kucheka. Tulijibizana kuhusu mengi, mengine ya mwaka juzi. Nikachelewa kushuka. Niliporudi kwenye benchi, Nahodha yuko uwanjani! Nikamuuliza Shemeji kwa ruhusa ya nani. Akasema dereva akizimia lazima mwingine ashike usukani. Ndilo jibu lake la kwanza kwangu tangu nimwajiri.

Niseme kweli, maana humu ni kwangu peke yangu. Kile kipindi cha pili kilikuwa kizuri. Nahodha aliwapanga kwa mikono, huyu hapa, yule pale. Akamwambia Upepo aingie ndani, aache mstari. Upepo akafunga. Dakika ya themanini akafunga tena. Mbili mbili! Watu wakapiga kelele, mke wangu akamkumbatia mama muuza karanga. Nilikuwa nalia, nikasema ni vumbi.

Dakika ya mwisho. Kona yao. Nahodha kasimama mstarini, kwenye nguzo ya karibu. Zilishakuja kona nne kipindi hicho na zote nne alizitoa yeye, kwa kichwa, pale pale. Mimi nikaona mbali zaidi. Nikaona kwamba tukiunyaka mpira huu, mbele hatuna mtu. Nikasimama juu ya kiti nikamwita kwa nguvu zangu zote, nikamwambia atoke hapo, apande mbele.

Nahodha ni mtu wa adabu. Mkubwa akimwita, hugeuka.

Mpira ukapita nyuma ya kisogo chake.

Tatu mbili. Tumeshuka.

Jumapili, 12 Mei

Nimetulia. Nimetafakari. Sababu za kushuka daraja ni hizi. Chokaa ilikuwa hafifu, wachezaji hawakuiona vizuri. Mwamuzi hana uzoefu. Na kubwa kuliko yote, mchezaji mzoefu kugeuza kichwa wakati wa kona! Nimemwandikia Nahodha barua ya karipio. Muhuri mkubwa.

Shemeji kajiuzulu wakati wa chai. Anarudi kufundisha udereva. Kasema kule kuna afadhali, mwalimu ana breki yake. Sijui alimlenga nani. Mke wangu akakohoa. Kisha akaniuliza ungo wake uko wapi.

Jumatano, 15 Mei

Wamekuja dukani wote! Wamevua viatu mlangoni, wamekaa juu ya magodoro kwa mstari. Nikajua wamekuja kuomba msamaha. Nikaketi sawasawa, nikaandaa uso wa kusamehe.

Nahodha ndiye aliyesema. Akanishukuru kwa miaka mitatu. Akashukuru kwa jezi, akashukuru kwa maji ya kunywa, akamshukuru hata mke wangu. Kisha akasema wameamua kuondoka, wote. Wataanzisha timu yao, wataanzia daraja la chini kabisa, kwenye uwanja wa shule. Hawaombi jina, hawaombi jezi, hawaombi mpira. Wameona tu si vizuri kuondoka bila kuaga.

Nikamuuliza kocha wao atakuwa nani. Akasema atajaribu yeye, mpaka wampate anayejua zaidi. Nikamuuliza wataanza na mazoezi gani. Akainamisha macho, akasema kona.

Nikawaambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wakaitikia, “Ni kweli, Mzee,” bila hata mmoja kucheka. Wakanipa mkono mmoja mmoja. Upepo alinishika mkono muda mrefu kidogo, kama anataka kuniambia kitu, kisha akauachia. Na mwenye nyumba ya wageni katoka nao! Eti atawabebea maji.

Niliposimama kuwatazama dirishani, walikuwa wanavuka barabara wakitaniana, Nahodha katikati yao, anachechemea kidogo na goti lake. Tangu niinunue timu hii sijawahi kuwaona wakicheka wote kwa pamoja. Iliniuma. Iliniuma sana.

Nikakumbuka kwamba wasaliti ndivyo walivyo, huwa wachangamfu.

Jumamosi, 18 Mei

Siku tulivu. Mambo yananyooka.

Nimepitia mali za timu. Jina ninalo. Muhuri ninao. Jezi ishirini na mbili zimefuliwa. Alhamisi nilipanga kikosi cha msimu ujao juu ya godoro la futi sita na, lazima nikiri, sijawahi kupanga kikosi kizuri kama hiki. Hakuna aliyebisha. Nimeanza kuamini kwamba tatizo la timu hii tangu mwanzo lilikuwa wachezaji.

Alasiri mke wangu hakuwepo nyumbani. Karudi saa kumi na mbili, viatu vumbi tupu, sauti imemkauka kwa kushangilia. Alikuwa uwanja wa shule. Kumbe vijana wa Nahodha walicheza mechi ya kirafiki na timu ya Mabati. Wameshinda moja bila, kwa kichwa cha Nahodha mwenyewe. Kona kumi na moja zilipigwa langoni mwao, hakuna iliyoingia. Kasema Mzee Mabati kaondoka kabla ya filimbi, kofia kaisahau kwenye kiti.

Nikamwambia tulia, tupige hesabu vizuri. Mabati leo kafungwa. Na sisi je, tumefungwa?

Akafikiri. Akasema hapana, sisi hatukufungwa.

Hatukufungwa! Wiki ya kwanza ya namna hii tangu niinunue timu hii. Akanishika bega kwa upole, akaenda kupika. Naona na yeye kaanza kuuelewa mpira.