Fundi Fumba na Vita vya Leza Mbili

Sogeeni, enyi mliowahi kushika nyundo, nanyi mliowahi kuwashikia wengine taa. Zimeni magrenda, na mwenye kikohozi akimalize sasa. Nataka kuwahadithia siku ile ambayo Fundi Fumba, simba wa karakana, mwunganishaji wa mageti na mfariji wa masufuria yaliyotoboka, alikwenda kuchagua mashine ya kuchomelea. Nawe uliyeumba nuru kabla hatujapata macho ya kuionea, uongoze ulimi wangu nisiongeze chumvi hata punje, kwa maana jambo lenyewe ni kubwa la kutosha.

Walimwita Fumba kwa desturi yake ya vita. Kwenye mshono mrefu alivaa kioo cha kuchomelea, kwa kuwaheshimu wateja. Lakini kwenye pointi, lile doa dogo linaloshikiza chuma na chuma kabla ya mshono wenyewe, aliona ni aibu mtu mzima kujivika kofia nzito kwa kazi ya kufumba na kufumbua. Basi alilenga, akageuza uso kando kama mtu aliyesikia akiitwa, akafumba macho, akagusa. Cha! Chuma kimeshikana. Hivyo ndivyo alivyofanya baba yake, hivyo ndivyo alivyowafundisha mafundi wake, na karakana nzima ikawa ya watu wanaofanya kazi huku wakitazama ukuta.

Malipo ya desturi hiyo yalikuja kila jioni. Macho yalimwasha kama yaliyotiwa mchanga, na Dada Mkubwa, mshirika wake katika karakana na mlinzi asiyelala wa mkoba, alimkanda kwa kitambaa cha maji baridi. Siku za karibuni Fumba alikuwa akiona kufuli moja kuwa mawili, na alilifungua lile lisilokuwapo.

Hata ikawa hospitali imeagiza masinki ya chuma cha pua, chembamba kama karatasi ya barua. Mashine yao ya zamani, ile ya vijiti, ikatoboa sinki la kwanza, ikatoboa la pili, na la tatu ikaligeuza kuwa chekeche. Hapo ndipo ilipoamriwa kwamba leza, mashine inayochomelea kwa mwali wa nuru, na inunuliwe.

Asubuhi ya safari, Mpaka Rangi wa karakana ya jirani alisimama juu ya ngazi yake na kupaza sauti: "Fumba! Mnakwenda kununua mashine au macho?"

"Mashine, ewe mfunika makosa ya mafundi wenzio!"

"Basi mwache dada yako aichague, wewe uifumbie!"

Fumba akashika njia. Mashujaa huweka nguvu zao kwa ajili ya vita.

Dukani zilisimama mbili. Ya kwanza ilikuwa ya buluu, ya bei nafuu, na rangi yake ilikuwa imepita hata juu ya skrubu. Ya pili ilikuwa nyeupe, imefunikwa kitambaa kama mgonjwa mheshimiwa. Bei ya hii nyeupe Muuzaji hakuitamka. Aliigonga kwenye kikokotoo akamgeuzia Dada Mkubwa taratibu, kama daktari anayewapa habari ndugu wa karibu. Dada akaketi kwenye kiti cha plastiki.

"Tofauti yake nini, mwanangu?" akauliza alipopata pumzi.

"Zote zinachomelea, mama. Ila hii nyeupe, ukiinua bunduki yake, hiki kishikio kinachotoa nuru, kutoka kwenye chuma, inajizima yenyewe. Hii ya buluu, ule waya wa ulinzi tumeuunganisha moja kwa moja, iwake hata hewani, usimsumbue fundi."

"Mimi sipendi kusumbuliwa," akanena Fumba.

Muuzaji akagawa miwani ya kijani kibichi. Dada akaivaa. Fumba akaipandisha kwenye paji la uso, pale wanapoiweka watu wanaojua kila kitu.

Akaanza na nyeupe. Akalenga, akageuza uso, akafumba, na kwa kuwa uso ukigeuka mkono nao huufuata kidogo, bunduki ikainuka kwenye chuma upana wa ukucha. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Taa nyekundu ikawaka, bila haraka.

"Imekufa hii."

"Haijafa, mzee. Haijagusa chuma."

Fundi Fumba akarudi nyuma hatua moja, akaihutubia mashine mbele ya mashahidi. "Ewe sanduku jeupe! Mimi nimechomelea mageti ambayo wezi waliyatazama wakaenda kutafuta kazi halali. Nimechomelea kabla baba wa kijana huyu hajaposa. Leo wewe, uliyetolewa kwenye boksi juzi, unanikatalia kazi?"

Sanduku jeupe halikubadili msimamo.

Akaiendea ya buluu. Akalenga, akageuza uso, akafumba, akabonyeza. Cha! Pointi ikakaa, inang'aa.

"Umeona? Hii ina adabu! Dada, njoo uone mtumishi mwema."

Dada Mkubwa akainuka kitini, akasogea kutazama. Fumba, aliyekwisha kuonja ushindi, akageuza uso tena, akafumba, akabonyeza mara ya pili.

Haukusikika mlio, kwa kuwa nuru haina sauti. Ilikuja harufu tu, ya plastiki inayoungua. Kwenye mgongo wa kile kiti palikuwa na tundu kama punje ya dengu, na moshi mwembamba ukitoka humo kwa utulivu.

"Imeshika?" akauliza Fumba, macho bado yamefumbwa.

Dada alikwisha kukifikia kiti.

"Jamani, imeshika?"

"Mdogo wangu," akasema Dada Mkubwa, "fumbua."

Akafumbua. Dada alikuwa amesimama kando ya kiti, kidole chake kwenye lile tundu, kisha akakitoa na kukiweka kifuani pake mwenyewe. Angebaki ameketi, tundu na kifua vingekuwa kimo kimoja.

"Kiti si kitu, mama," Muuzaji akanong'ona. "Tunavyo vingine."

"Macho yako nimeyakanda miaka yote hii," Dada akasema, bila kumtazama Muuzaji. "Ulisema ni yako, nikanyamaza. Hiki kifua ni cha nani? Na mafundi wetu kule, wote wanaotazama ukuta? Mimi siwezi kusimama nyuma yako kila siku nikikukatalia. Nataka mashine itakayokukatalia nikiwa sipo."

Fumba akaiweka chini bunduki ya buluu.

Akaishusha miwani machoni. Akairudia nyeupe, akailaza ncha ya bunduki juu ya chuma kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia njiani. Akasema moyoni neno ambalo ni lake na Mola wake. Kisha akafanya jambo ambalo halijapata kufanywa katika ukoo wao: hakugeuza uso.

Akabonyeza. Mashine ikakubali. Ndani ya ukijani akaona tone jeupe likizaliwa, akaona kingo mbili za chuma zikilegea, zikiegemeana, kisha zikiwa moja.

"Lo!" akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe ndivyo zinavyoshikana."

"Si umechomelea maisha yako yote?"

"Nimechomelea, Dada. Pointi sikuwahi kuiona."

Akapiga nyingine. Akapiga nyingine tena, mpaka Muuzaji akamwomba kwa heshima awabakishie chuma wateja wa kesho.

"Tufungie nyeupe," Dada Mkubwa akamwambia Muuzaji, akafungua mkoba kwa uso wa mtu anayefungua kidonda.

Basi na ijulikane kwa vizazi. Wapo waliobomoa ngome, wapo waliovuka milima na majeshi, na majina yao tunafundishwa. Lakini katika duka lile, mchana wa siku ya kazi, ipo pointi moja kwenye kipande cha chuma cha pua kisicho na kazi, upana wake punje ya mtama, imekaa sawasawa. Na aliyeipiga aliiona.