Témoin wa Kigwena

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024

Leo nimechaguliwa! Mimi Kankindi wa Kigwena, mjane wa Pontiani, niliyejifunza kuandika kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania nikiwa tayari bibi.

Hospitali kubwa ya mjini inafanya utafiti wa presha kwa wazee. Muuguzi Élysée, kijana mwenye sauti ya padri, alitukusanya na kutueleza. Mengi sana. Kisha kila mzee akaokota bahasha. Jirani yangu Elda akaokota iliyoandikwa visite. Yangu, témoin.

Visite najua. Elda atatembelewa nyumbani kila wiki, apimwe, aongeleshwe. Elda huyu Mkongomani wa Fizi, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye tangu alfajiri anaongea na wateja mpaka sauti inamkauka! Anatembelewa wa nini?

Témoin nalijua zaidi. Tulipotoka Tanzania tukakuta watu ndani ya shamba letu la michikichi, wakubwa wa komine, serikali ya hapa, walituambia tulete témoin. Shahidi. Hatukupata hata mmoja. Leo hospitali nzima imetafuta shahidi, ikaona mimi. Nilimwambia Élysée sitamwangusha. Akasema murakoze, nyogokuru, asante bibi, wewe endelea tu kama kawaida.

Nilimpigia mwanangu Revokatus, Bujumbura, kumpa habari. Yuko kwenye kikao. Atanipigia.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeanza kazi. Kigoda changu kiko karibu na ua wa matete, pale penye tundu. Elda amekula ndagala wa chumvi. Asubuhi! Mtu wa presha! Kidonge amekimeza na chai ya jana. Aliniuliza natazama nini kwake. Nikamjibu ni mambo ya hospitali, hayamhusu.

Revokatus hajapiga. Vikao vya Bujumbura ni virefu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nilivaa vitenge vyangu vya kanisani, nikaenda mjini kutoa ushahidi. Nilisimama mbele ya watu wote waliosubiri dawa. Nikaeleza chumvi, nikaeleza chai ya jana, nikasema niko tayari kuapa. Watu wakaangalia chini. Mmoja akacheka. Mtu hana adabu hata akiwa mgonjwa.

Élysée alinivuta pembeni. Akanieleza polepole, kama mtu anayemvisha mtoto viatu.

“Nyogokuru, témoin hapa si wa kutazama wenzake. Ni yule tusiyemwongezea kitu, ili tumlinganishe na wanaotembelewa.”

Nikamuuliza: je, témoin anatembelewa na nani? Akasema hatembelewi. Anakuja mwenyewe kuchukua vidonge, kama zamani. Ndiyo maana yake.

Nilimwambia Kifaransa ni lugha ya wezi. Neno moja wanaliuza mara mbili.

Kumbe habari imefika nyumbani kabla yangu. Elda alinisubiri kwenye ua, mikono kiunoni. Akanisalimu, akaniuliza: “Amahoro, shahidi wa mlango wangu? Leo nimekula nini?”

Nimekula mapema, nimefunga mlango.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Nina mpango. Vidonge nimeviacha tangu Jumamosi. Presha ikipanda, watalazimika kuja. Hakuna hospitali inayomwacha shahidi wake afe.

Kichwa kinagonga kama mtu anatwanga majani ya isombe ndani. Vizuri.

Leo msichana wa visite alikuja kwa Elda. Alikaa mpaka chai ikaisha, wakaongeza nyingine. Walicheka. Nilikohoa kwenye ua kwa nguvu zote. Msichana akasema pole, mama, kutoka upande wa pili, kisha wakaendelea kucheka. Nikakohoa tena. Elda akasema nisijisumbue, ni vumbi la kiangazi.

Jumanne, tarehe 18 Juni

Mungu hakunisahau! Wasichana wa visite wanapokezana. Leo alikuja mgeni kabisa, jina lake Ineza, hajui sura ya mtu hapa. Na Elda? Mitumbwi imerudi na ndagala wengi, amekimbilia mwaloni, siku ya visite ameisahau. Watu wanapewa baraka wanazitupa.

Kitenge chake kilikuwa kimeanikwa. Nikakivaa, nikakaa mlangoni kwake.

Nilisema kama wanavyosema wao: “Karibu, mwanangu. Niko muzuri, iko tu magoti ndiyo inanisumbua.” Sijasikia Mkongomani aliyesema vizuri kuliko mimi leo.

Ineza ana mikono laini. Aliuliza kama nalala. Aliuliza kama namisi mtu. Mtoto wa watu, ameniangalia usoni muda wote! Kisha akauliza: unakula na nani, mama?

Nilitaka kusema peke yangu. Nikakumbuka mimi ni Elda. Elda anakula na nani? Siku zote hizo kwenye tundu sijaona mtu. Nikasema nakula na jirani yangu, Kankindi. Mama wa heshima sana. Hakosi hata siku moja.

Ineza akasema nina bahati. Nikasema sana.

Halafu akapima. Akapima tena. Uso ukabadilika. Alipiga simu hospitali, akaambiwa Elda aongezewe dawa nyingine, kali zaidi. Akaacha pakiti, akasema watampigia pia kumkumbusha. Nilifanyaje? Pakiti ina jina la Elda. Nikaiweka juu ya meza ya Elda, nikarudisha kitenge kwenye kamba.

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Asubuhi Elda hakutoka. Hakuna redio, hakuna kelele kwa wateja. Nilimwita kwenye ua. Kimya. Nikamwita Mama Bora, kwa jina la marehemu binti yake, ambalo hulijibu hata akiwa amekasirika. Kimya.

Nilimkuta sakafuni jikoni, ameloa jasho, baridi kama samaki. Akasema nyumba inazunguka. Akasema hospitali walimpigia wakamwambia presha yake imepanda sana, ameze na zile za pakiti. Yeye hakumbuki kupimwa. Alidhani uzee unamla akili. Alikuwa ameshika kidonge kingine mkononi, anataka kumeza, ni mtiifu huyu mjinga.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini mkono ule ulikuwa tayari unaelekea mdomoni.

Nikamwambia: “Usimeze. Ile presha ni yangu.”

Akakiweka kidonge chini.

“Kankindi. Hata presha yako umekuja kuiweka kwangu?”

Nilimpigia Élysée. Alipiga kelele kwenye simu, sauti ya padri imekwisha. Akasema nimlaze, nimwinue miguu, nimpe maji, gari linakuja. Nilimshika miguu mpaka gari likafika. Miguu mizito! Mwanamke anakula vizuri, hilo nalishuhudia.

Jumapili, tarehe 23 Juni

Elda wamemrudisha, yuko salama. Nampikia uji. Anasema uji wangu ni wa wafungwa. Bakuli linarudi tupu. Jana alinizuia nisiondoke mpaka amalize kunieleza jinsi wagonjwa wenzake walivyokuwa wanakoroma.

Lakini habari kubwa ni hii. Leo Élysée amekuja. Kwangu! Ndani ya ua wangu, na pikipiki! Majirani wote wameona.

Alisema nimetolewa kwenye utafiti. Alisema nimeharibu kazi ya watu wengi, na kwamba Elda angeweza kufa. Aliyasema yote akiwa amekaa kwenye kiti changu kizuri. Niliitikia kwa kichwa kila alipotua kupumua. Kisha akanipima, akanigombeza kuhusu vidonge, akasema nimeze kila siku hata kama sina hamu. Nilimpa chai. Alikunywa yote. Mtoto aliyelelewa.

Alipoondoka alisema tutaonana, nyogokuru. Mtu wa hospitali hasemi tutaonana bure.

Jumanne, tarehe 25 Juni

Nimefagia uani mapema. Kiti kizuri kiko nje, chai iko kwenye chupa. Vidonge sijameza. Akikuta presha nzuri, ataondoka upesi.

Adhuhuri Elda ameita. Amesimama kwa mara ya kwanza, amesonga bugari, ugali wao, amekaanga ndagala, ametenga sahani mbili. Anasema chakula kinapoa. Nikamwambia siwezi kuacha mlango. Muganga Élysée akija asikute mtu?

Amesimama kwenye ua muda mrefu, haondoki. Hakunitania. Akasema tu: Kankindi, njoo.

Nimemwambia apunguze sauti. Sitasikia pikipiki.