Wazo Langu la Chumba cha Kanisa

Jumatatu, 3 Machi

Kigen ametafuna kona ya karatasi sasa hivi, akanitemea mapajani. Mtoto wa miezi kumi, meno manne! Ni karatasi ambayo Mama Eddah alinifungia mandazi: ukurasa wa mwanafunzi fulani, Kiingereza cha kueleza wazo linavyokua. Likiwa changa kabisa, "germ of an idea". Likianza kupata umbo, "taking shape". Misemo ilikuwa kumi. Kigen amekula mitatu.

Na wazo ninalo. Kanisa letu hapa Langas lina chumba cha nyuma, hakina kazi. Jumapili akina mama wa kanisa wana mkutano, watampa mmoja wetu. Nikikipata nitalea watoto wa wanaouza sokoni. Nitafanya kazi bila kumwachia mtu mwanangu. Nimemwambia jirani yangu Ciku peke yake. Amesema ni wazo la kawaida. Wivu.

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua mandazi tena, natafuta karatasi nyingine ya huyo mwanafunzi. Nimefungiwa hesabu. Nikaomba nibadilishiwe. Mama Eddah ameuliza kama nakula mandazi ama gazeti.

Jumapili, 9 Machi

Nilisimama mkutanoni. Nikasema nina "germ of an idea", sasa iko "taking shape", lakini kwanza nimeiweka "on the back burner", pembeni kidogo, sitaki kukimbizwa. Wakatazamana kwa heshima. Mwenyekiti, Mama Jepchumba, akauliza polepole, "Sasa mwanangu, humo ndani utafanya nini?"

Nikamjibu, "It will bear fruit," yaani litazaa matunda. Makofi!

Ciku akasimama. "Mimi nitachunga watoto. Mikeka ninayo. Kesho nafungua."

Akapewa ufunguo papo hapo. Wazo langu! Kwa Kiswahili kikavu! Nimelia njia nzima, leso nimemfunika Kigen asinione.

Alhamisi, 13 Machi

Ciku ameniajiri. Watoto kumi na mmoja. Yeye amekaa mlangoni, ufunguo shingoni, mimi nafuta makamasi. Kigen yuko mkekani, angalau namwona.

Nimewaza sana. Kosa langu ni moja: Kiingereza kilikuwa kidogo. Linet, mwalimu anayetuletea binti yake, ameahidi kunifunza kingine. Kwa sababu nina wazo jipya, kubwa kuliko lile, na safari hii simwambii mtu hata mkutanoni, mpaka maneno yatoshe. Wazo lenyewe ni, ngoja, Ciku ananiita, kuna mtoto amekojolea...