Bastola yenye Taji

Jumapili, 6 Julai

Nyuzi joto arobaini na sita. Feni ya kibanda changu cha getini inapuliza moto mtupu. Siwezi kumaliza Julai hivi. Siwezi!

Lakini leo bahati imebisha hodi. Baba Nasser, mwenye nyumba hii ya Umm Salal, nje ya Doha, ninayemlindia geti, amenunua sanduku kuukuu kutoka kwa familia ya Mzungu mmoja marehemu. Ndani yake: pampu ya baiskeli, kengele ya baiskeli, vibanio viwili vya suruali, na bastola. Ndogo, mtutu mfupi kama kidole gumba, ya zile zenye kipipa cha risasi kinachozunguka. Polisi wameshaikagua, mtutu umezibwa, karatasi imegongwa muhuri. Ila ni ya aina gani, hakuna ajuaye. Baba anataka kujua kabla ya wageni wake wa Alhamisi.

Akaniita mimi. Nilipoajiriwa nilimwambia kwamba nilikaa miaka tisa kwenye ghala la silaha la polisi, Kenya. Si uongo mkubwa. Nililinda stoo ya shule ya sekondari kule Webuye, miaka tisa kweli, na siku ya michezo nilishika bastola ya kuanzishia mbio. Mara mbili.

Atakayeitambua atapewa ufunguo wa chumba cha vitu vya kale. Kukaa humo, kupangusa vumbi, basi. AC nyuzi ishirini na moja! Kiti chenye mto! Gerishon, dereva, ninayelala naye chumba kimoja, naye amesema atajaribu. Gerishon anayeruka puto likipasuka. Na gari analoendesha lina AC tayari. Uchoyo huo.

Jumatatu, 7 Julai

Nimepewa nusu saa na bastola mle chumba cha vitu vya kale, juu ya kitambaa cheupe. Nilivaa miwani ya kusomea ya Gerishon. (Sikumwomba. Angekataa.) Pampu na takataka nyingine nilizisukuma pembeni, zilikuwa zinanibana.

Ugunduzi wa kwanza: kwenye kipipa kuna alama ndogo, yai lenye herufi tatu na nyota, na juu yake taji. Taji! Basi ni ya mfalme.

Ugunduzi wa pili: haina triga. Nikaigeuza, nikapapasa chini, kitu kikachomoka na kuning'inia. Triga yenyewe! Inakunjwa na kukunjuliwa mithili ya kisu cha mfukoni. Jasho lilinitoka humo humo kwenye nyuzi ishirini na moja. Nimeivunja. Nikapiga picha haraka, nikairudisha triga ilikotoka, nikafunika na kitambaa, nikasema kazi inaendelea vizuri.

Jumanne, 8 Julai

Nimeamua kuuliza watu, kwa werevu, bila kutaja jambo lenyewe. Nimetuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Bungoma walioko Doha. Wanachama mia moja themanini na saba. Nikaandika: "Wakuu, nimepata hii. Nani anaijua?"

Dakika ya kwanza, alama za kusomwa tu. Dakika ya pili, Gerishon ametoka kwenye kundi. Alikuwa kitandani kwake, mita mbili kutoka kwangu! Kisha Michelle wa hotelini. Kisha Owen. Kisha saba kwa mpigo. Kufikia saa sita mchana tumebaki kumi na mmoja, na naamini tisa kati yao hawana bando. Mwenyekiti Jeremiah, ambaye ni nesi, alinipigia simu kwa ile sauti ya wodini. Akaniuliza kama ninakula vizuri na kupata usingizi. Akaniambia nifute picha, kuna watu wana mikataba na watoto nyumbani. Halafu naye akatoka.

Simu inaonyesha kwamba msimamizi wa kundi sasa ni mimi. Mwaka jana niligombea cheo hicho nikashindwa kwa kura themanini. Mambo hujipa.

Nasimiyu, mpishi wa hapa nyumbani, hakutoka. Alinitumia ujumbe pembeni: "Kaka Athanas, hiyo triga imeundwa ikunjwe, usiiguse. Na uangalie hivyo vibanio vya suruali." Mpishi anajua nini kuhusu bastola? Nimefuta.

Jumatano, 9 Julai

Nimenunua gundi pale bakala, duka la kona. Ile ya kushika papo hapo. Wakati Baba yuko msikitini nimekunjua triga, nikatia matone mawili pale palipolegea, nikashikilia nikihesabu hadi sitini. Imesimama imara! Kidole changu cha shahada pia kilisimama imara, lakini maji ya moto yamesaidia.

Gerishon ametoa jibu lake. Anasema ni ya Kichina. Nalala nikitabasamu.

Alhamisi, 10 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Wageni wanane wamekaa majlisi, sebule ya Baba. Nimesimama katikati, shati limenyooshwa. Nikasema hii ni bastola ya mlinzi wa siri wa mfalme, tazameni taji. Mzee mmoja akauliza, kwa upole, mfalme yupi. Nikasema wa zamani. Wakaitikia kwa vichwa. Nilianza kuuona ule mto wa kiti.

Baba akataka kuwaonyesha jinsi triga inavyokunjwa. Kumbe alijua tangu mwanzo kwamba inakunjwa! Akasukuma. Haikukunjika. Akasukuma tena. Akaisogeza puani, akanusa, akanitazama. Nikatazama zulia. Ni zulia zuri sana.

Baba akaondoka nayo hadi jikoni, nami nyuma yake. Nasimiyu alileta dawa yake ya kutolea rangi ya kucha na pamba, akaanza kusugua taratibu. Huku anasugua, akaeleza. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa silaha wa polisi, Bungoma, na alikuwa nayo moja kama hiyo, kaichora kwenye daftari. Ni bastola ya mwendesha baiskeli. Zamani huko Ulaya watu walikuwa wakifukuzwa na mbwa barabarani, basi wakabeba hizi mfukoni. Triga hukunjwa isije ikanasa kwenye nguo. Taji ni muhuri tu wa mji mmoja wa Ubelgiji wa kuonyesha kwamba bastola imepimwa, na imegongwa kwenye maelfu. Vitu vya sandukuni ni vya safari moja: pampu, kengele, vibanio, na cha kutishia mbwa.

Triga ikakunjika, tk. Baba alicheka hadi akakaa kwenye gunia la mchele. Kisha akarudi kwa wageni, nikawasikia nao wakicheka. Mlinzi wa mfalme! Nilirudi getini peke yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakauma.

Ijumaa, 11 Julai

Kanisani Mesaimeer (huku tunasali Ijumaa). Benchi la watu saba, nimekaa peke yangu. Waliponiona walihamia upande wa pili, hata Jeremiah. Kasisi aliombea ndugu yetu anayepitia mengi, na kanisa zima likanigeukia.

Halafu Nasimiyu akaja akakaa kando yangu. Akasema amepewa ufunguo, ila asubuhi yuko jikoni, hivyo amemwambia Baba kwamba anahitaji mtu wa kukaa humo mpaka adhuhuri. Amenitaja mimi. Mimi niliyefuta ujumbe wake! Baba amekubali, kwa sharti moja: nimwambie mwenyewe, ana kwa ana, kwamba sikuwahi kuwa polisi. Sentensi moja tu. Nilipangusa macho, nikasingizia vumbi.

Nimeifanyia mazoezi njia nzima ya kurudi. Baba, sikuwahi kuwa polisi. Rahisi.

Jumamosi, 12 Julai

Saa mbili asubuhi, Baba mlangoni, Nasimiyu nyuma yake na ufunguo mkononi. Ubaridi wa chumba ulikuwa unanigusa vifundo vya miguu. Nikaanza vizuri. Nikasema: Baba, sikuwahi kuwa polisi. Nilikuwa nimemaliza! Ndipo nikamwona Gerishon, ameacha kuosha gari, amesimama na kitambaa chake, anatabasamu.

Nikaongeza kwamba nilikuwa jeshi la majini.

Nasimiyu akafumba macho. Baba akauliza meli gani. Nikasema ni siri ya serikali. Akanipa chupa ya maji baridi, akaninyooshea kidole kule nje. "Yalla, Athanas. Geti."

Nyuzi arobaini na saba. Nimetafakari sana na nimeona kosa langu: ningesema jeshi la majini tangu mwanzo.

Saa kumi jirani amesimama getini akiuliza kama kuna mtu anayejua kutunza vipanga, wale ndege wa kuwindia. Mtunzaji wake amerudi kwao. Chumba cha ndege kina AC, nyuzi kumi na tisa. Nimemwambia nilikaa miaka sita kitengo cha ndege. Naanza kesho.

Nasimiyu ametuma ujumbe: "Kaka, usimshike bila glavu." Mpishi anajua nini kuhusu ndege? Nimefuta.