Wanaomcheka Walter Waamriwe Kunyamaza

Mbotela, Nairobi
9 Juni 1984

Bwana Msimamizi wa Ukumbi,

Natumaini u mzima. Mimi ni Nahashon Wekulo, karani mstaafu. Nakuandikia kwa heshima kuhusu mchekeshaji wako wa kila Jumamosi alasiri, Walter, ambaye nimemzaa mwenyewe na sikatai. Malalamiko yangu ni haya:

1. Walter husimama jukwaani akatangaza kwamba hataoa mwanamke kamwe, kwa kuwa mpenzi wake ni Maingi, fundi cherehani wa hapa mtaani. Ukumbi mzima huangua kicheko. Bwana Msimamizi, huo si mzaha. Aliniambia mimi kwanza, mezani, bila hata kutabasamu, nami nikanuna miezi minane. Leo watu wanakata tikiti kusikia maneno yaleyale na kuburudika. Mbona mimi sikuburudika?

2. Nimejaribu kuwaelimisha. Nilimweleza mzee wa kanisa kwamba ni kweli tupu. Alicheka akishika mbavu, kisha akasema sasa anajua kijana alirithi wapi.

3. Tangu Walter aigize mume wa wake watatu kwenye televisheni, kina mama wa mtaa wa Umoja wananiletea mabinti zao. Mama Koki amekuja mara nne. Nikimtajia Maingi hunijibu, "Baba Walter, wewe na kijana wako mtatuua na hizi vichekesho." Halafu anauliza Walter hula chapati ngapi.

4. Maingi amenishonea suti bila kunipima, na imenikaa vizuri. Hapa sina la kulalamikia, lakini liandikwe.

5. Kwa hivyo naomba ubandike tangazo mlangoni: Walter akimtaja Maingi, ni marufuku kucheka. Atakayecheka atolewe nje. Walio na mazoea ya kucheka wakae nyuma, walindwe na askari. Watu wakinyamaza ndipo watamsikia, na wakimsikia watajua kwamba mimi si mwongo.

Wasalimie wote hapo ukumbini, hasa yule mama wa tikiti na fundi wa taa. Mama Walter anakusalimu pia, ingawa hajui nimekuandikia. Ukimwona Maingi, mwambie suruali haihitaji kupunguzwa.

Wako mtiifu,
Nahashon Wekulo

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilikuja kumwona Walter leo. Alipomtaja Maingi, vijana watatu wa mbele hawakucheka. Mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani huyu jamaa hatanii?" Watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, na mwanangu akabaki amesimama pale juu peke yake. Niliogopa, Bwana Msimamizi, sijawahi kuogopa vile. Nikacheka mimi, kwa nguvu zangu zote, mpaka machozi yakanitoka, na ukumbi ukanifuata. Tafadhali usibandike chochote. Niwekee kiti cha mbele kila Jumamosi, karibu na vijana hao.