Pipa la Neuburské na Mimi

Jumatatu, 14 Oktoba
Baba mkwe, mzee Vavřinec Kosík, kaenda hospitali mjini Brno kutengenezwa nyonga. Kabla ya kupanda gari kaniagiza niliache pipa la Neuburské, mvinyo wetu mweupe, liendelee kuchacha mpaka sukari yote iishe. Mvinyo wa akina Kosík ni mkavu, usio na utamu, kasema, tangu enzi za babu yake. Akirudi Jumapili ataamua nani akabidhiwe ufunguo wa ghala la chini la mvinyo, awe msimamizi wake: mimi au shemeji yangu Ludmila.

Nimeitikia kwa adabu. Lakini biashara naijua mimi. Wageni wanataka utamu. Nitausimamisha mvinyo huo kabla haujamaliza kuchacha, utamu ubaki. Mzee atanishukuru mwenyewe.

Jumanne, 15 Oktoba
Hamira ndiyo inayochachisha mvinyo, nayo haipendi baridi. Nimeacha mlango wa ghala wazi, nikalizungushia pipa magunia ya barafu kutoka kwa muuza nyama. Nikakaa kulilinda asubuhi nzima.

Ludmila kapita, akauliza namhifadhi maiti gani. Nikasema natoa hewa mbaya.

“Shemeji,” akasema, “hewa mbaya humu huingia na wewe.”

Nimemsamehe. Ni wivu.

Jumatano, 16 Oktoba
Mafua. Mke wangu Jitka kanipikia supu ya kitunguu saumu, akaniamuru nilale. Nimetoroka kwenda ghalani. Mlango umefungwa, barafu imemwagwa mtaroni. Upepo wa mwaka huu una nguvu za ajabu. Nimefungua tena, nikaleta barafu nyingine.

Ijumaa, 18 Oktoba
Nimetega sikio kwenye pipa. Kimya. Hakuna povu hata moja. Nimeweza.

Nimeonja. Sikusikia ladha yoyote, pua imeziba, ulimi kama ubao. Haidhuru. Nimempigia simu Bi Hedvika, mwenye mgahawa mjini Mikulov, nikamwahidi chupa mia tatu za mvinyo mtamu. Aje Jumapili saa tisa mchana, mzee naye ashuhudie.

Jumapili, 20 Oktoba
Mzee kashuka ngazi za ghala kwa magongo. Bi Hedvika akaonja, akakunja uso, akanigeukia.

“Bwana Ctibor, huo utamu uko wapi?”

Mzee akaonja. Akaonja tena.

“Mkavu kabisa, sukari yote imeisha,” akasema polepole. “Huu ndio wenyewe.”

Bi Hedvika akafikiri kidogo, akasema kumbe kwa samaki wake hakuna unaofaa kuliko huu. Atachukua chupa zote. Nikanyoosha mkono kupokea ufunguo.

Mzee akamgeukia Ludmila. Akamshukuru kwa kufunga ule mlango kila nilipoufungua, na kwa kumpigia simu hospitali kila siku. Kisha akanitazama.

“Na wewe, mkwe wangu, bahati yetu pua iliziba. Ungeonja vizuri, ungeongeza barafu.”

Ufunguo ukaingia mfukoni mwa Ludmila. Hakuna aliyenigombeza. Ningependa wanigombeze. Mezani Jitka kaniwekea paja kubwa la bata bukini.

Jumatatu, 21 Oktoba
Ludmila kanipa kazi ya kubandika lebo. Eti huko hakuna cha kuharibu.

Nimetafakari kutwa. Nani awezaye kuuonja mvinyo kupitia kioo cha chupa? Mnunuzi husoma lebo. Nimempigia mpiga chapa wa Břeclav: lebo mia tatu, herufi za dhahabu, MTAMU. Zitafika Alhamisi, Ludmila akiwa sokoni.